Ajali ya pili: tuwalinde wanaosimama kando ya barabara

Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, gari lilipata ajali katika eneo la Chang'ombe, kata ya Segera, wilayani Handeni mkoani Tanga. Watu walikusanyika pale, wakiwamo waliofika kuwasaidia majeruhi. Lori likatokea na kuwagonga. Watu 11 walifariki dunia na 13 walijeruhiwa.

Hiyo ndiyo tunayoiita ajali ya pili. Katika toleo hili tunaeleza kwa nini hutokea, wenzetu wa nchi nyingine wametunga sheria gani, na kamati zetu za parokia zinaweza kufanya nini tangu sasa.

Kwa nini dereva hasimami?

Mara nyingi tunasema dereva alikuwa mzembe. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, hata dereva makini ana mipaka yake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiona hatari, huchukua takriban sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki. Wakati huo gari limekwisha kwenda mita 33. Breki nazo zinahitaji mita nyingine 35 hivi, ikiwa ni gari dogo, zima, na barabara ni kavu. Jumla ni karibu mita 70. Lori lenye mzigo huhitaji zaidi, na mvua huongeza umbali huo.

Usiku hali ni mbaya zaidi. Taa zilizoshushwa humulika vizuri mita 40 hadi 60 tu, na mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa karibu zaidi ya hapo. Kwa hiyo dereva anapowaona watu barabarani, nafasi ya kusimama inaweza kuwa imekwisha kupita.

Sheria ya kusogea

Mwaka 1994, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, mhudumu wa gari la wagonjwa aitwaye James Garcia aligongwa akiwa kazini kwenye eneo la ajali. Alipona, akaanza kudai sheria ya kuwalinda watu wa kazi hiyo. Jimbo lake lilipitisha sheria mwaka 1996, na kufikia mwaka 2012 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Sheria inasema hivi: dereva akikaribia gari la polisi, la zimamoto au la wagonjwa lililosimama kando likiwa limewasha taa za tahadhari, ahamie njia iliyo mbali nalo. Ikishindikana, apunguze mwendo. Baadaye magari ya kuvuta yaliongezwa. Majimbo mengine yamekwenda mbele zaidi: huko Florida, tangu tarehe 1 Januari 2024, hata gari la kawaida lililoharibika na kuwasha taa za hatari linalindwa.

Je, sisi tunajifunza nini? Barabara zetu kuu nyingi zina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Dereva akisogea, anaingia upande wa wanaokuja. Sehemu inayotufaa zaidi ni ile ya pili, yaani kupunguza mwendo. Lakini dereva hawezi kupunguza mwendo kwa jambo asilolijua. Ni lazima apewe taarifa mapema, na taarifa hiyo inaweza kutolewa na yeyote aliyepo.

Desturi yetu ni kukata matawi na kuyatandaza barabarani. Mchana husaidia. Usiku hayaakisi mwanga, na yakiachwa baada ya gari kuondoka huwaangusha waendesha bodaboda.

Mambo ya kufanya

Tunashauri kila kamati iwafundishe vijana, walinzi na wanakwaya mambo yafuatayo:

1. Kabla ya kumgusa majeruhi, watu wawili watumwe, kila mmoja upande wake wa barabara, waende hatua 150 au zaidi wakiwa na tochi na fulana za kuakisi mwanga. Kama kuna kona au mlima, wasimame kabla yake. Watembee na kusimama nje ya lami.

2. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali na gari, si mita chache nyuma yake.

3. Wasio na kazi ya uokoaji waondoke barabarani wote, wavuke mtaro. Abiria wa basi lililoharibika wasikae nyuma ya basi wala mbele yake.

4. Kama ni lori la mafuta, watu wakae mbali kabisa. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na kuwaka moto.

5. Polisi wapigiwe simu namba 112.

6. Kazi ikiisha, matawi na mawe yaondolewe.

Utaratibu huu unafaa pia kwenye mazishi na maandamano yanayopita barabarani. Msafara utembee upande wa kulia ukiyatazama magari yanayokuja, na wenye fulana za kuakisi wawe mbele na nyuma.

Kwa wafadhili wetu

Fulana sita, tochi mbili na pembetatu nne zinatosha kwa kigango kilicho kando ya barabara kuu. Vifaa hivi havihitaji fundi wala mafuta, na hudumu miaka kadhaa vikitunzwa. Tunaziomba kamati zilizo kando ya barabara kuu ziorodheshe sehemu zao zenye kona, miteremko na magulio, ili mchango wowote utakaopatikana uanzie mahali penye hatari kubwa. Moyo wa kusaidia watu wetu wanao tayari. Tuwape na kinga, ili anayekwenda kuokoa arudi nyumbani salama.