Kabalo: Ili gita kavu isikike, pesa ya kwaya inunue nini kwanza?

Arusi ikifanyika nje kunako Kabalo, ao kwaya ikialikwa kwenye mkutano wa injili, jambo moja hujirudia. Waimbaji wana mikro. Ngoma inajitosha yenyewe. Piano ya umeme imefungwa kwenye bafle. Halafu kuna yule mpiga gita kavu, ile ya mbao yenye tundu katikati: anatoka jasho, vidole vinakimbia, lakini watu waliokaa kupita mstari wa tatu wanaona tu vidole bila kusikia kitu. Fundi anamsogezea mikro na kupandisha sauti. Mara bafle zinapiga mlio mkali, watoto wanaziba masikio, na gita inashushwa tena.

Baada ya hapo kamati inakaa na kuamua kuchanga pesa ili kununua bafle kubwa zaidi. Na ndipo pesa hupotelea. Bafle kubwa haitibu ugonjwa huo. Mara nyingi inauzidisha, kwa sababu shida inaanzia pale sauti inapochukuliwa kutoka kwenye gita, mbali kabisa na bafle.

Kukosea hapa ni hasara kubwa kuliko mahali pengine. Kabalo ni njia panda ya reli kwenye kingo za Lualaba: njia moja inaelekea Kalemie, nyingine Kongolo hadi Kindu, ya tatu inashuka Kamina na kuendelea Lubumbashi. Chombo kinachonunuliwa Lubumbashi kinasafiri safari ndefu. Kinachotoka Kigoma, Tanzania, kinavuka ziwa mpaka Kalemie kwanza. Kikifika na kuonekana hakifai, mwenye duka yuko mbali, na mchango wa mwaka mzima umekwisha.

Wengine watasema: basi mpiga gita achukue gita ya umeme, mambo yaishe. Kwa rumba ni sawa. Lakini Katanga ya zamani, ambayo Kabalo ilikuwa ndani yake, ina mtindo wake wa gita kavu, ule wa kidole gumba kupiga besi na kidole cha shahada kupiga sauti za juu, kwa wakati mmoja. Jean-Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya, aliujulisha ulimwengu mtindo huo kwa wimbo « Masanga », ambao Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952 kunako Jadotville, leo Likasi. Mwaka 1969 Mwenda alifika hata kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mpigaji wa namna hii anahitaji chombo ambacho kinatenganisha besi na sauti za juu, na kinachosikilizisha ubao wenyewe. Ukimpa gita ya umeme umempa kazi nyingine.

Kwanza ifahamike ule mlio mkali unatoka wapi. Mafundi wanauita larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen. Mikro inachukua sauti ya gita, bafle inaitoa kwa nguvu, sauti hiyo inarudi kwenye mikro, inatoka tena kwa nguvu zaidi, na mzunguko hauishi. Gita kavu ina ubaya wa ziada: ni sanduku tupu, na lilitengenezwa ili litikisike. Bafle ikilia karibu nalo, ubao unatikisika hata kama mpigaji hajagusa uzi. Gita kubwa za kawaida zinatikisika zaidi karibu na hertzi 100, kwa hiyo mara nyingi larsen ya gita inaanza kama mngurumo mzito, halafu unapanda.

Kwaya yenye mikro moja ya akiba inaweza kuanza na hiyo, bila kununua kitu. Kosa la kawaida ni kuielekeza kwenye tundu. Tundu linatoa upepo mwingi na besi nyingi, sauti inavimba. Mikro iwekwe sentimeta 15 ao 20 mbele ya gita, ielekee pale shingo inapokutana na sanduku. Mikro ngumu za jukwaani, kama Shure SM57 iliyotoka mwaka 1965, zinaweza kazi hiyo. Zile nyororo za studio, ambazo zinadai voti 48 kutoka kwenye mikseri, zinasikia vizuri zaidi lakini zinasikia pia ngoma, upepo na bafle. Nje, karibu na ngoma, hazifai. (Na wanunuzi wachunguze: mikro bandia zenye jina la Shure zimejaa masokoni.)

Mikro ina shida moja ambayo haina dawa. Mpigaji hawezi kusogea. Akicheza hatua moja kushoto, gita imepotea. Kwa mtu anayepiga ameketi, kwenye kanisa lenye utulivu, ni sawa. Kwa kwaya inayocheza, hapana.

Hapo ndipo inakuja kapta, yaani kifaa kidogo kinachofungwa kwenye gita yenyewe. Ziko za namna mbili, na kuzichanganya kumewapotezea watu pesa.

Ya kwanza ni piezo. Ni kipande chembamba ambacho kikibanwa ao kutikiswa kinatoa umeme kidogo. Kinawekwa chini ya ule mfupa mweupe ambao nyuzi zinaukanyaga upande wa mkono wa kuume. Gita nyingi zinazouzwa leo na tundu la jaki zina piezo ya namna hiyo. Kampuni ya Ovation ya Marekani iliieneza tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Ziko pia za kubandika juu ya ubao, za bei ndogo sana. Piezo inashika nyuzi za namna zote, za chuma na za nailoni. Lakini umeme wake ni dhaifu. Inataka mlango wa ohmu milioni 1 ao zaidi, wakati mlango wa kawaida wa mikseri ni ohmu elfu kumi hivi. Ukiichomeka moja kwa moja, inatoka sauti nyembamba, kavu, kama mtu anapiga bati. Wapigaji wengi wamelaumu gita yao kwa ajili ya hilo, kumbe gita haina kosa. Inakosa priampli, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya kapta na mikseri na kuupokea umeme huo vizuri. Kwenye gita zenye visukumio vya besi na trebo ubavuni, priampli imo ndani na inatumia batri ya voti 9.

Ya pili ni kapta ya sumaku, inayofungwa kwenye tundu la gita. Sauti yake ni nene zaidi na inavumilia kelele ya jukwaa kuliko piezo, kwa maana inasikiliza nyuzi na kujali ubao kidogo tu. Sharti ni moja: nyuzi ziwe za chuma. Gita ya nailoni na kapta ya sumaku ni bubu. Kwa upande mwingine, gita za kujitengenezea, za mkebe wa mafuta na waya wa breki ya baiskeli, zinaweza kushikwa na sumaku vizuri, mradi waya ni wa chuma kweli.

Na wala si lazima kapta itoke dukani. Kunako Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake Konono N°1 walitengeneza kapta za likembe kwa sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vya magari yaliyochakaa, wakazungushia waya wa shaba. Katikati ya miaka ya 2000 sahani yao Congotronics ilipigwa hadi Ulaya na Marekani. Fundi wa redio wa Kabalo mwenye subira anaweza kujaribu hivyo kabla kamati haijatuma mtu Lubumbashi.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwa macho ya watu, kwa hiyo hakuna anayetaka kukichangia, ni boksi ya DI. Ni kisanduku kinachotoshea mkononi. Fili ya kawaida ya gita ikipita mita 6 hivi inaanza kula sauti za juu na kuokota kelele za jenereta. DI inageuza umeme wa gita ili upite kwenye fili ya mikro, ambayo inaweza kufika mita 30 na zaidi bila kuharibika. Kwa jukwaa la nje ambapo mikseri iko mbali na waimbaji, boksi hiyo inabadilisha mambo kuliko bafle ya pili. Kwa gita yenye piezo lakini bila priampli ndani, itafutwe DI ambayo mlango wake unafika ile ohmu milioni 1.

Sasa bafle. Watu wanasoma hesabu ya watti iliyobandikwa nyuma, na wauzaji wanajua hivyo. Nyingi ya hesabu hizo ni za mshituko wa nusu sekunde. Watti za kweli ni zile zinazoandikwa RMS. Tena, watti 100 zikifanywa 200, sikio linaona tofauti ndogo tu, desibeli 3. Ili watu waseme sauti imekuwa mara mbili, inatakiwa karibu mara kumi. Kwa hiyo kwaya yenye bafle nzima ya watti 150 isiitupe kwa sababu duka lina ya 300.

Kinachohesabika zaidi ni mahali zinapokaa. Bafle za watu zisimame mbele ya waimbaji, zikiwaangalia watu, kamwe zisiwe nyuma ya mpiga gita. Kwenye mikseri, besi ya mlango wa gita ikatwe chini ya hertzi 80, kwa sababu uzi mnene kabisa unaanzia 82 na chini yake hakuna muziki. Mngurumo ukiendelea, tundu la gita lizibwe na kifuniko cha mpira. Na ampli ya gita ya umeme isitumiwe kama kuna nyingine. Spika yake inaishia karibu na hertzi 5,000, na mwangaza wa gita kavu uko juu ya hapo. Afadhali ampli ya piano.

Umeme ni habari nyingine. Moto wa mtambo wa Bendera unaomulika Kalemie haumsaidii mpiga gita wa Kabalo. Yeye anategemea jenereta na sola. Kwa gita na sauti moja, sola inatosha kabisa. Batri ya gari ya voti 12 na ampea-saa 100 inashika watti-saa 1,200. Ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inabaki 600. Ampli na mikseri ndogo zinazokula watti 80 kwa pamoja zinaweza kupita saa tano hata baada ya konvertisa kula fungu lake. Konvertisa yenyewe iwe ya wimbi safi. Zile za bei chini zinaleta mngurumo kwenye bafle, na watu wanadhani kapta imeharibika. Ziko pia ampli zinazobeba umeme wake: Roland AC-33 inaenda kwa batri ndogo 8 kama zile za tochi, na Bose S1 Pro ina batri ya kuchaji ambayo kampuni inasema inafika saa 11. Ni ghali, lakini kwa kwaya inayozunguka vijijini zinaondoa gharama ya esansi na kelele ya jenereta.

Lakini umeme huohuo unaweza kuua. Nyuzi za chuma za gita zimeunganishwa na waya wa ampli. Mpigaji akishika nyuzi na mdomo wake ukagusa mikro iliyofungwa kwenye chombo kingine, umeme unaweza kupita mwilini mwake. Leslie Harvey, mpiga gita wa kundi la Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani kunako Swansea, Wales, mwezi wa tano 1972. Jenereta isiyo na waya wa ardhi inaongeza hatari hiyo, na ardhi iliyolowa na mvua zaidi. Chuma kipigiliwe ardhini na kufungwa na jenereta. Vyombo vyote, vya gita na vya sauti, vichukue moto kutoka mlango mmoja. Fundi apime kwa mita kati ya nyuzi na kichwa cha mikro kabla ya mtu kuimba, na sponji juu ya mikro inasaidia. Wengine hukata jino la ardhi kwenye fishi ili mngurumo unyamaze. Hilo ni kujitafutia kifo; kwenye DI nyingi kuna kitufe kidogo cha kukata mngurumo huo bila kugusa ulinzi wa mtu.

Basi kamati yenye pesa kidogo inaweza kushika mpangilio huu: kapta inayofaa nyuzi za gita yao, kisha DI ao priampli, kisha fili nzuri, na ikibaki kitu, konvertisa safi. Bafle mpya iwe mwisho. Anayetumwa kununua aende na gita yenyewe, aichomeke dukani, apandishe sauti hadi larsen ianze, asikilize inaanzia wapi. Muuzaji anayekataa hilo aachwe.

Na kwa wenye priampli ndani ya gita: batri ya voti 9 inaanza kuliwa fishi inapoingia kwenye tundu la jaki, hata kama hakuna anayepiga. Fili ikiachwa imechomekwa kutoka Jumapili hadi Jumapili, batri inaweza kufika ibadani ikiwa imekwisha.