Baada ya Kupasuliwa Ngiri: Lini Mtu Arudie Baiskeli Yake?

Ngiri ni katika maradhi ambayo wanaume wa kwetu huona haya kuyataja. Mtu huona uvimbe kwenye kinena chake, uvimbe utokao asimamapo au akohoapo na urudio ndani alalapo chali, naye hunyamaza nao miaka. Mkewe hajui, nduguze hawajui, na akiulizwa kwa nini aenda akijishika kiuno husema ni uchovu. Wengine huogopa kisu. Lakini walio wengi, ukiwauliza kwa upole, khofu yao kubwa ni ya mambo yajayo baada ya kisu. Wamesikia kwamba aliyepasuliwa ngiri hana kazi tena, kwamba baiskeli ni haramu kwake maisha yake yote, kwamba amekuwa nusu mtu. Na yule ambaye baiskeli ndiyo mguu wake wa kuendea shamba, soko na msikiti, au ndiyo chombo cha riziki yake, kama wale wachukuzi wa abiria wa Kisumu na Busia, huisikia khabari hiyo kama hukumu. Basi huikalia ngiri yake mpaka siku moja utumbo ukanaswa katika tundu, usirudi tena, ukakosa damu. Hapo hapana tena kuchagua. Ni mbio za usiku kwenda hospitali, na wengine hawafiki.

Twataka basi kulisema jambo hili wazi, ili mwenye ngiri ajue analoliendea, na walio nyumbani kwake wajue la kumsaidia.

Kwanza tuiondolee baiskeli lawama isiyo yake. Ngiri ya kinena hutokea kwa kuwa ukuta wa tumbo una mahali padogo palipo dhaifu, pale ambapo korodani za mtoto hupita kushuka chini kabla hajazaliwa. Kwa baadhi ya watu njia ile haizibiki sawasawa. Kwa wengine huziba, kisha misuli hulegea kwa umri. Kikohozi cha miaka, kujikamua chooni, na mizigo mizito huongeza msukumo. Kupiga pedali taratibu katika njia iliyo sawa ni jambo dogo kwa tumbo. Mwenye kukohoa kwa nguvu amelisukuma tumbo lake zaidi.

Ama yule anayeogopa kwamba mahali palipopasuliwa patafumuka, na ajue jinsi ufundi huu ulivyokua. Edoardo Bassini, Mtaliana, alipokuwa kijana mwaka 1867 alichomwa singe kwenye kinena katika mapigano ya Villa Glori, karibu na Roma. Aliponea, na hatimaye akawa profesa wa upasuaji katika mji wa Padova, ambako kuanzia mwaka 1884 aliwapasua watu wa ngiri kwa namna mpya: aliujenga ukuta wa kinena kwa kuishona misuli tabaka kwa tabaka. Kabla yake, ngiri nyingi zilizopasuliwa zilirudi. Lakini mishono ile huvuta pamoja nyama zilizokuwa mbalimbali, na kwa kuuogopa mvuto huo wagonjwa waliendelea kulazwa kitandani kwa majuma. Kulala huko nako kulikuwa na madhara yake, maana mapafu hujaa makohozi na damu huganda miguuni. Huko Kanada, Earle Shouldice, aliyefungua hospitali ya ngiri mjini Toronto mwaka 1945, aliipinga desturi hiyo waziwazi. Wagonjwa wake waliinuka kwenye meza ya kupasulia wakatembea kwa miguu yao wenyewe. Kisha katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaieneza njia ya kuziba tundu kwa wavu mwembamba bila kuvuta nyama hata kidogo. Wavu hushikizwa kwa nyuzi, na mwili wenyewe huota nyama ndani ya vitundu vyake.

Na wavu huo si lazima uwe wa thamani kubwa. Mashariki ya Uganda, katika hospitali ya misheni ya Kamuli, wanaume 302 walipasuliwa ngiri, baadhi yao kwa wavu ghali wa kiwandani, na baadhi kwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa namna ya hospitali. Matokeo yalichapwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri iliyorudi ilikuwa moja tu katika wote. (Asije mtu akadhani chandarua cha kitandani mwake chatosha kupelekwa kwa daktari, hicho huandaliwa na wenye kazi yao.)

Kwa sababu hizi, matabibu wa ngiri wa mataifa mengi, katika mwongozo wao wa pamoja wa mwaka 2018, wamesema kwamba aliyepasuliwa ngiri ya kinena bila matatizo aihimizwe nafsi yake kurudia shughuli zake za kawaida mara aonapo anaweza. Maumivu ndiyo mpaka wake, wala si khofu ya kufumuka. Hata hivyo hospitali nyingi bado humwambia mtu ajiepushe na mizigo mizito na mazoezi ya nguvu kwa majuma manne hadi sita, nasi twaona kwa watu wa kazi za mikono shauri hilo lina busara. Shughuli za kawaida za karani si shughuli za kawaida za mchukuzi wa makaa.

Siku ile ile ya kupasuliwa, au kesho yake, mtu na atembee. Atembee ndani ya nyumba, kisha uani, kisha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Akitaka kukohoa au kupiga chafya, na aweke mto juu ya kidonda na kuubana kwa mikono. Ndugu wa nyumbani wamsaidie katika chakula: mapapai, mboga za majani, kunde na maji mengi, kwa kuwa dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua chooni ni adui aliyefichika. Mvuta sigara aiache. Kinena na korodani huweza kuvimba na kuwa na rangi ya zambarau kwa siku kadhaa. Jambo hilo huwashtua wengi nalo hupita lenyewe.

Watu huuliza juu ya sala. Imran bin Huswayn, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu kusali, na ruhusa ya kusali kwa kukaa, na kwa ubavu kwa asiyeweza kukaa, inajulikana kwa hadithi hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wa siku za kwanza asijitese. Lakini yako manufaa mengine ambayo hatujaona watu wakiyataja. Kutoka katika sijida mpaka kusimama ni kazi kamili ya nyonga, mapaja na tumbo, nayo hurudiwa mara nyingi kila siku. Mtu aliyekuwa akisali kwa kukaa, kisha akaweza rukuu, kisha akaweza kuinuka kutoka chini bila kujishika na bila kuuma meno, amejipatia kipimo kilicho bora kuliko tarehe za kalenda. Kwa rai yetu, asiyefika hapo bado hajawa mtu wa baiskeli.

Akishafika, na asikimbilie barabarani. Wengi huweza kupanda taratibu katika juma la pili au la tatu, wengine la nne. Waliopasuliwa kwa vitundu vidogo na kamera aghalabu hutangulia kidogo. Baiskeli ya kiume ina bomba la juu, na kule kuurusha mguu nyuma ya kiti ndiko kunakokivuta kinena kuliko kupiga pedali kwenyewe. Basi na ailaze kidogo ubavuni na kuvusha mguu polepole, au aazime baiskeli ya kike kwa mwezi mmoja, wala asione aibu. Kiti na kishushwe, ili nyayo zifike chini asimamapo. Kama korodani bado zimevimba, angoje, kwani ncha ya kiti haitamsamehe.

Kabla ya kutoka, na ajijaribu uani: asimame kando ya baiskeli, ashike breki kwa ghafula, na akanyage chini kwa nguvu kama mtu aliyekatiwa njia na gari. Akijikuta anasita kwa maumivu, hatari yake ni magari kuliko mishono. Tena asipande kabisa akiwa bado anakunywa dawa za maumivu zinazoleta usingizi.

Safari ya kwanza iwe dakika kumi, mahali pa sambamba. Kwenye kilima ashuke asukume, kwa sababu kusimama juu ya pedali na kuuvuta usukani ni sawa na kunyanyua mzigo. Njia ya makorongo aiepuke. Kisha hukumu asiitoe jioni ile, aingoje asubuhi: akiamka na kinena kilichokaza kidogo tu, aendelee, akiamka na maumivu makali kuliko ya jana, apumzike siku mbili tatu na kupunguza.

Hapo ndipo pagumu pa wenye kuitafutia riziki baiskeli. Kuendesha baiskeli tupu na kuendesha baiskeli yenye gunia au mtu mzima kwenye keria ni kazi mbili mbali. Mzigo humlazimisha mtu kujikaza anapoondoka, kujikaza anapoushikilia usianguke, na kujikaza zaidi anapoinua baiskeli iliyolala. Mtu huyu atazame majuma sita bila mzigo, na hayo ni majuma sita bila mapato. Haifai kumwambia apumzike bila kusema watoto watakula nini. Kwa hiyo maamuzi yafanywe kabla ya kupasuliwa: operesheni isiyo ya dharura yaweza kupangwa baada ya mavuno, baiskeli yaweza kukodishwa kwa kijana anayeaminika kwa malipo ya siku, ndugu wajue mapema nani atachota maji na nani atapasua kuni. Familia iliyojipanga hivyo haimfanyi baba ainuke juma la pili na gunia begani kwa sababu ya unga.

Vijana wa michezo nao wana haraka yao. Kuogelea kungoje mpaka kidonda kimefunga kabisa. Mbio nyepesi hufuata baiskeli kwa siku chache. Mpira wa miguu, wenye kugeuka kwa ghafula na kupigana vikumbo, na kunyanyua vyuma, viwe vya mwisho. Watoto hupona upesi kuliko wakubwa, na tabu yao ni kuwazuia: kwa majuma mawili au matatu wasipewe chochote cha kukalia kwa kupanua miguu, baiskeli ikiwa ya kwanza.

Haya yote ni ya ngiri ya kinena iliyopasuliwa kwa utulivu. Ngiri kubwa ya kitovu, ngiri iliyotokea kwenye kovu la operesheni ya zamani, au ile iliyonaswa hata utumbo ukakatwa, zina muda wao mrefu zaidi, na mwenye kuutaja ni daktari aliyepasua. Homa, usaha, wekundu unaoenea, au kushindwa kukojoa humrudisha mtu hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe mgumu pamoja na kutapika usingojewe mpaka asubuhi.

Tusifiche pia kwamba yapata mmoja katika kumi hubaki na maumivu ya kumsumbua miezi baada ya kupona kidonda, aghalabu kwa sababu ya mishipa midogo ya fahamu ya kinena. Huyo asiambiwe kwamba ajidekeza. Arudi kwa mpasuaji wake, kwani dawa ipo. Wengine wote, wakisha kutimiza majuma yao, na waanze kazi ya keria kwa kifurushi kidogo, kisha mtoto wa shule, kisha mtu mzima katika njia fupi ya lami, na gunia la mkaa liwe la mwisho kabisa.