Mamba Muntu na Wenzake wa Mto Lualaba

Mamba muntu ni mwanamke wa majini. Kwa wakazi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, miji ya migodi kusini mwa Kongo, jina lajieleza lenyewe: ni mamba aliye mtu. Ajabu ni kwamba wachoraji wa huko hawakumpa hata gamba moja la mamba. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu. Kwenda chini ni samaki. Mara nyingi ana saa mkononi na nyoka pembeni.

Picha hizo zilienea sana mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkoa ukiitwa Shaba, yaani kwa jina la madini yake. Zilichorwa kwenye kitambaa cha magunia ya unga kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, zikauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodini aliimudu. Watu waliziita ukumbusho. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian na mwenzake Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza wakati huo, waliikuta picha ya mamba muntu katika sebule nyingi kuliko aina nyingine yoyote.

Kisa chake hupita kinywa hadi kinywa, na kila msimulizi hukitia chumvi yake. Mwanamke huyo ameketi kwenye jiwe kando ya maji, anachana nywele. Mtu anatokea ghafla. Mwanamke anashtuka na kujitosa, akiacha kitana chake, pengine na nywele chache zilizonasa kwenye meno ya kitana. Aliyekiokota hurudi nacho nyumbani. Usiku, ndotoni, mwenyewe anakuja kukidai. Hapo ndipo mapatano hufanyika: kitana kirudi, utajiri uje. Masharti nayo si mepesi. Siri isitoke, na mara nyingine mwanamume huyo asiwe na mke mwingine, au atoe uhai wa ndugu yake. Anayevunja ahadi hupoteza kila kitu. Katika miji ya migodi, ambako jirani wa mshahara uleule huweza kuonekana ghafla na gari, kisa hiki kilijibu swali lililokuwa midomoni mwa wengi.

Sura ya mamba muntu haikuzaliwa Lualaba. Ni ndugu wa Mami Wata wa Afrika Magharibi, ambaye sura yake nayo ilitokana kwa sehemu kubwa na picha ya mwanamke mcheza na nyoka iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880. Mwaka 1955 picha hiyo ilichapwa upya Bombay, nakala 12,000, kwa ajili ya wateja wa Afrika Magharibi.

Huko Lualaba kwenyewe, nyoka wa zamani kuliko yule wa mamba muntu ni Nkongolo wa Waluba. Nkongolo ni upinde wa mvua: nyoka wawili, dume na jike, wanaoishi katika mito tofauti na kukutana angani, na wakikutana mvua hukatika. Ni jina pia la mfalme katika simulizi ya chanzo cha dola la Waluba, Nkongolo Mwamba, mtu mwekundu, mlevi na mkatili. Mpwa wake Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe, alialikwa kucheza ngoma juu ya mkeka uliofunika shimo lenye mikuki. Mpiga ngoma akampa tahadhari kwa mdundo. Kalala alijaribu ardhi kwa mkuki, akagundua hila, akaruka na kukimbilia ng'ambo ya Lualaba. Baadaye alirudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa. Simulizi hii ina siasa nyingi kuliko maajabu, na hilo ndilo limeifanya idumu.

Enzi ya ukoloni wa Wabelgiji ilileta kiumbe asiye na mkia wala magamba: mutumbula, kwa wingi batumbula. Hao walisemekana kuwa wateka watu usiku kwa niaba ya Wazungu. Mateka walifungiwa na kunoneshwa, wengine wakageuzwa nguruwe, kisha wakaliwa. Hofu hiyo ina ndugu zake Afrika Mashariki, mumiani na wazimamoto, waliotuhumiwa kunyonya damu. Kwa mtu aliyetolewa kijijini kwenda kuchimba shaba asiyoimiliki, habari ya watu kuliwa haikuwa ngeni kabisa.

Wakaonde, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia kusini mwa Kolwezi, wana kongamato, ndege asiye na manyoya, mwekundu, mwenye mabawa ya ngozi kama ya popo na mdomo wenye meno. Anapindua mitumbwi kwenye vivuko, na wasafiri walibeba dawa maalumu ya kujikinga naye. Frank Melland, hakimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Kasempa, aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1923. Alipowaonyesha wenyeji picha ya mjusi arukaye wa kale, walimtaja kongamato bila kusita. Tangu hapo jina hilo limezunguka dunia, na wapo Wazungu waliovuka bahari kumtafuta. Hakuna mfupa wala ngozi yake iliyowahi kupatikana.