Projekta Nayo Inahitaji Hewa

Mpira uko dakika ya 70, kibanda kimejaa hadi mlangoni, mara picha inatoweka ukutani. Umeme upo, balbu inawaka, lakini projekta imezima. Watazamaji wanadai fedha zao. Mwenye kibanda anamlaumu fundi, fundi anasema mashine ni feki. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Imejizima yenyewe kwa sababu ya joto, isije ikaungua.

Projekta ya taa, mbali na zile mpya za leza, ina taa ya zebaki yenye joto kali mno. Feni huvuta hewa ya nje, huipitisha kwenye taa na kuitoa upande wa pili. Hewa ikizibwa, taa hufa mapema, na taa mpya si ya bei ya kubahatisha.

Sasa sisi wa Karagwe na Kyerwa tuna jambo letu la ziada. Vilima vyetu vingi vinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Baridi yetu inasaidia, lakini hewa nyepesi huondoa joto kidogo. Ndiyo maana projekta nyingi zina mpangilio maalumu wa sehemu za miinuko, ambao watengenezaji wengi huelekeza utumike kuanzia mita hizo 1,500. Ukiuwasha, feni itapiga kelele zaidi. Ivumilie.

Mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa sana hapa. Anajua kwa nini kahawa hukaushwa juu ya kichanja: hewa ipite hata chini. Basi usiilaze projekta juu ya godoro wala kuifungia kwenye sanduku kwa kuogopa wezi. Iache mbali na ukuta, na usiining'inize karibu na bati, kwani hewa ya moto hupanda na kujikusanya huko. Kiangazi, vumbi jekundu la barabarani likizidi, safisha chujio kila wiki.

Chumba chenyewe je? Wengi huziba madirisha kwa mablanketi ili kupata giza, kisha huwaingiza watu wengi kwa mlango mmoja. Hapo si mashine tu inayokosa hewa, na moto ukitokea sijui watatokea wapi. Acha matundu chini ya paa, na mbele yake tundika kitambaa cheusi kisichogusa ukuta. Hewa itapita, mwanga hautapita. Weka mlango wa pili, usiufunge kwa kufuli watu wakiwa ndani.

Kuhusu kioo cha picha, shuka hupitisha mwanga nyuma na hucheza na upepo. Ukuta uliopigwa lipu laini na rangi nyeupe isiyong'aa ni bora. Ukingo wa chini wa picha upite vichwa vya waliokaa. Wala usitamani picha kubwa kupita kiasi: ukiongeza upana na kimo mara mbili, mwanga uleule unagawanywa kwenye eneo mara nne, na jezi zote zinakuwa kijivu.

Mpira ukiisha, usichomoe waya. Zima kwa kitufe, ungoje feni isimame yenyewe. Na umeme ukikatika ghafla, hata watu wakipiga kelele namna gani, iache ipoe kwanza ndipo uiwashe tena.