Kola ya Umeme ya Kumfunzia Mbwa: Ipi Inafaa Kununuliwa?



Ndugu wasomaji, suala la mbwa lilikuwa geni majumbani mwetu tulipohamia nchi hii. Siku hizi si geni tena. Watoto wetu waliozaliwa hapa Queensbury na Kingsbury huwaona wenzao wakitembeza mbwa katika Queensbury Park na Fryent Country Park, nao hurudi nyumbani na ombi lile lile. Baadhi ya wazazi wamekataa, na baadhi wamekubali, hasa kwa ajili ya ulinzi wa nyumba. Mnyama akiishaingia, huanza malalamiko: abweka usiku, avuta kamba, aitwa haji. Hapo ndipo mtu hushauriwa anunue kola ya umeme. Yafaa tukijue chombo hicho kabla ya kukitolea fedha.

NI CHOMBO GANI?

Ni ukanda wa shingoni wenye kisanduku kidogo kinachopokea mawimbi ya redio kutoka kwenye rimoti aliyoishika mwenye mbwa. Kisanduku hutoa moja kati ya mambo matatu: mlio, mtetemo kama wa simu ya mkononi, au mshtuko wa umeme unaopita katika ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi. Kola nyingi zina yote matatu pamoja. Zipo pia zinazojiwasha zenyewe kila mbwa anapobweka.

SHERIA YASEMAJE?

Wales ilipiga marufuku mwaka 2010 kutumia kola za mshtuko kwa mbwa na paka. Kwa Uingereza yenyewe, serikali ilitayarisha kanuni mwaka 2023 kwa nia ya kuzipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Februari 2024, lakini hadi mwaka huo ulipokwisha kanuni hizo hazikuwa zimekuwa sheria. Asidhani mtu, hata hivyo, kuwa ameachiwa huru. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamlazimu kila mfugaji kumtimizia mnyama mahitaji yake na kumwepusha na maumivu yasiyo ya lazima, na tangu mwaka 2021 adhabu ya juu ya ukatili imekuwa kifungo cha miaka mitano.

JE, INAFUNZA KWELI?

Wanaoitetea husema humzuia mbwa kukimbiza kondoo au kukimbilia barabarani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na ilipimwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lincoln waliwafuatilia mbwa 63, wengine wakifunzwa kwa kola za umeme na wengine kwa kupewa zawadi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 na 2020 yalionyesha kuwa kola haikuleta faida yoyote zaidi. Waliofunzwa kwa zawadi walitii vizuri zaidi, na dalili za dhiki zilionekana kwa waliovishwa kola.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mbwa hajui rimoti ni nini. Akiumia, huyahusisha maumivu na kile alichokiona wakati ule ule. Ikiwa mbele yake alipita mtoto, basi mtoto ndiye aliyemuumiza, na kesho aweza kumkabili kwa meno. Kwa nyumba yenye watoto, hiyo si hatari ndogo. Ama kubweka, mara nyingi huletwa na upweke au woga. Kola hunyamazisha sauti na kuiacha sababu pale pale.

Na tusiseme elimu ya kufunza kwa upole ni ya Wazungu peke yao. Karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limewafunza mbwa na askari wanaowaongoza ili wanuse pembe za ndovu na vifaru katika bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki. Ujira wa mbwa hao ni kurushiwa mpira na kucheza na mwongozaji wake. Tena, Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imehalalisha mawindo ya mnyama aliyefunzwa, jambo linaloonyesha kuwa mafunzo yenyewe yana hadhi. Mafunzo hutaka subira, na udongo upate ungali maji.

ALIYEAZIMIA KUNUNUA ATAZAME NINI?

Kwanza, achague kola ya mlio au mtetemo isiyo na mshtuko kabisa. Mtetemo hufaa hasa kwa mbwa kiziwi, aliyezoezwa kuwa mtetemo maana yake ni "nitazame upewe chakula".

Pili, rimoti iwe na ngazi nyingi, ianzie chini kabisa, na kitufe kisiwe chepesi kubonyezwa na mtoto.

Tatu, iwe haiingii maji, betri ichajike, na umbali wa mawimbi utoshe uwanja wenye miti.

Nne, iwe na vidole viwili kati yake na shingo. Isivaliwe mchana kutwa, kwani msuguano hutoa vidonda.

Tano, kama hofu ni mbwa kupotea, kola ya kufuatilia kwa satelaiti itamfaa kuliko ya mshtuko. Na kamba ndefu ya mita kumi ni rahisi kuliko zote mbili.

Wala kola ya elektroniki haiondoi wajibu wa kola ya kawaida: amri ya mwaka 1992 inataka mbwa aliye mahali pa umma avae jina na anwani ya mwenyewe, na tangu tarehe 6 Aprili 2016 kila mbwa lazima awe na chipu chini ya ngozi.

TWAHARA

Kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi, mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito. Kwa hiyo ngozi na kitambaa, vinavyonyonya mate, havitufai sana. Ukanda uliofunikwa plastiki huoshwa upesi. Kola na kamba zitundikwe nje ya mlango wa nyuma, mbali na mahali pa kuswalia, na watoto wazoezwe kuvaa glovu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, kwani madhehebu yametofautiana.

Kabla ya kununua chochote, mpelekeni mbwa kwa daktari wa wanyama. Huenda ukaidi mnaoulalamikia ni maumivu ya sikio au jino, na maumivu hayatibiwi kwa maumivu.

Wabillahi tawfiq.