Tupa Ilikuwa Kwenye Mkate wa Pumba

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini hawakutwambia afanye nini yule aliyeinama, akatia mkono, akakuta mwenzake amekwisha kukitwaa. Hilo ndilo lililonifika nyumbani kwangu, ndugu msomaji, na kwa kuwa najua si mimi peke yangu, nimeona bora tulizungumze.

Binti yangu wa mwisho ana miaka kumi na mitatu. Skuli yao iliandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo kwa ajili ya siku ya wazazi, na kisa walichokichagua ni cha Fumo Liyongo. Nilifurahi mno niliposikia. Watoto wetu wa leo huwajua mashujaa wa sinema za ng'ambo kuliko wanavyomjua shujaa wa Ozi na Pate.

Katika mchezo huo, nafasi kubwa ya msichana ni ya Mbwasho, mamake Liyongo. Ndiye mwenye wimbo mrefu wa peke yake, na ndiye anayelia mwisho mwanawe anapouawa kwa sindano ya shaba. Binti yangu aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wake wote. Kwa majuma mawili nyumba yetu haikuwa na kimya. Aliimba akifua, aliimba akikuna nazi, hata mamake akamwambia, "Mwanangu, muache Liyongo apumzike kidogo."

Na mimi nilikuwa na kosa langu, nami nalikiri mbele yenu. Nilimwambia, "Nafasi hiyo ni yako, hapana mwingine." Tena sikutosheka. Nilikwenda barazani nikawaambia wenzangu kwamba mtunzi amezaa mwimbaji.

Alhamisi moja orodha ikabandikwa ukutani. Mbwasho alikuwa msichana mwingine. Jina la binti yangu lilikuwa chini kabisa, miongoni mwa watu wa gungu, wale wanaosimama nyuma wakapiga matuazi na kuitikia. Alirudi nyumbani akapita moja kwa moja chumbani, akalala akauelekea ukuta. Mamake alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula ambacho mtoto yule hakikatai hata akiwa mgonjwa. Usiku ule sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Nilitaka kuingia nimwambie aache kulia, jambo lenyewe ni mchezo tu. Mamake akanizuia mlangoni. "Kwako wewe ni mchezo," akasema. "Muache alie, bwana. Machozi yakizuiwa hugeuka usaha."

Basi nikakaa ukumbini, na hasira zikanipanda. Nikaazimia Jumatatu nitavaa kanzu yangu nzuri, niende skuli nikamwone mwalimu. Maneno nilikuwa nimekwisha kuyapanga: mimi ni nani, nimetunga nini, na yeye mwalimu amesomea wapi sauti.

Lakini usingizi ulinipaa. Na katika kukesha huko likanijia jambo nililolifunika kwa zaidi ya miaka arubaini.

Mwaka 1980 nilikuwa kijana wa chuoni, Lamu. Mwenye kuijua Lamu hahitaji kuelezwa Maulidi ni nini pale, na hasa maulidi ya Msikiti Riyadha, ambayo asili yake ni Habib Swaleh. Mfungo sita ukiingia, kila chuo hujitayarisha. Chuo chetu kilikuwa kinatafuta kijana wa kuongoza kasida katika zefe, na mwalimu alimchagua mwenzangu mmoja, mtoto wa mvuvi, mwenye sauti kama maji ya mtungi. Nilirudi nyumbani nikilia. Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuweza kuvumilia machozi yangu. Alikwenda kwa mwalimu usiku uleule. Walisemezana yaliyosemwa: ujirani, udugu, heshima ya watu. Asubuhi mwalimu alitangaza kwamba mimi ndiye kiongozi. Yule mwenzangu aliinamisha kichwa, akarudi nyuma, asiseme neno.

Siku yenyewe ilipofika nilivaa kanzu mpya na kofia ya vito. Nilianza vizuri. Katika ubeti wa tatu sauti ilinikauka. Nilifungua kinywa kisitoke kitu, na watu wote wananitazama. Mara nyuma yangu sauti ikapanda, ikaudaka ubeti pale pale ulipoangukia, na kasida ikaendelea. Watu walidhani tumepanga. Walitusifu. Hapana aliyejua ila mimi na yeye.

Sikumshukuru. Niliona haya, na haya zikageuka kuwa kumkwepa. Miaka mingi baadaye, sote tukiwa watu wazima wenye ndevu, nilikutana naye gatini nikamwomba radhi. Alicheka, akasema amekwisha kusahau. Mimi sijasahau.

Naam, kanzu ya Jumatatu nikaiacha sandukuni. Nilifahamu kwamba baba alinipa nafasi, lakini sauti ya kuijaza hakuwa nayo ya kunipa. Tena aliichukua nafasi hiyo kutoka mkononi mwa mtoto wa mtu.

Ijumaa baada ya sala nilimwita binti yangu nikamhadithia kisa hiki chote, bila kujipamba. Alinisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Sasa mimi nifanye nini, Baba?" Nikamjibu, "Nenda mwenyewe kwa mwalimu. Usiende kudai, nenda kuuliza ulipungukiwa na nini." Mamake akaongeza: "Na yule mwenzako aliyepata, umpe mkono wa pongezi kabla hujaulizwa. Ukingoja, utashindwa."

Alikwenda Jumatatu. Mwalimu alimwambia kwamba sauti yake ni kubwa na nzuri, lakini hapumui mahali pake. Hukata neno katikati ndipo avute pumzi, na maana ikapotea. Niliposikia hayo niliona haya. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni wapi pa kusimama na wapi pa kuunganisha, na aliyesimama pasipo mahali pake alirudishwa mwanzo. Mimi nimekaa na mtoto huyu miaka kumi na mitatu, nimemsifu sauti kila siku, na sikuwahi kumwonyesha pa kuvuta pumzi. Sifa hazimfundishi mtu.

Kuhusu ile nafasi ya nyuma aliyopewa, nilimkumbusha kisa chenyewe, maana yeye alikuwa amekisoma kwa jicho la Mbwasho peke yake. Liyongo alipofungwa gerezani na Sultani wa Pate, alimtumia mamake ujumbe wa fumbo kupitia kwa kijakazi Saada. Mama akaoka mikate mizuri, na mmoja akaufanya wa pumba, akatia tupa ndani yake. Walinzi wakaila ile mizuri, wakaudharau wa pumba, ukamfikia mfungwa. Kisha Liyongo akaomba, kabla ya kuuawa, apigiwe gungu. Watu wakakusanyika, ngoma na matuazi yakalia, wakaitikia kwa sauti kubwa, na katika kelele hizo yeye akawa anakata minyororo asisikike. Kisa hiki Muhammad Kijumwa alikiandika katika utenzi wake mwaka 1913.

Nikamwuliza binti yangu, "Hebu niambie, lau watu wa gungu wangaliitikia kivivu kwa sababu hawakupewa nafasi kubwa, ingalikuwaje?" Alifikiri kidogo, akasema, "Walinzi wangaliisikia tupa." Sikuongeza neno.

Sitaki kuwadanganya nikasema kwamba huzuni ilimtoka papo hapo. Kwa siku kadhaa alikuwa akirudi kutoka mazoezini kimya, hasa siku za zamu ya ule wimbo mrefu. Lakini alikwenda kila siku, na hakumteta mwenzake mbele yangu hata mara moja.

Wazazi wenzangu, haya si mambo madogo. Katika nchi yetu mashindano ya muziki yalianza mwaka 1927, na kila mwaka maelfu ya watoto huimba, huigiza na kughani mashairi. Wanaochaguliwa kusimama mbele ni wachache, wengine wote hurudi nyumbani na jambo moyoni. Anachokikuta mtoto pale nyumbani ndicho atakachokwenda nacho siku atakapokosa kazi, au mchumba, au kura. Akikuta mzazi anamtukana mwalimu, atajifunza kwamba kila asichokipata ameibiwa. Akikuta anadhihakiwa, hatajaribu tena. Basi tumuache alie, kisha tumuulize anataka kujifunza nini.

Siku ya wazazi nilikaa safu ya tatu. Yule msichana aliyekuwa Mbwasho, wallahi, aliimba hata kina mama wakatafuta pembe za buibui kufutia macho. Mwalimu alikuwa hakukosea. Kisha likaja gungu, na binti yangu kule nyuma na matuazi yake, kichwa juu, akiitikia kana kwamba maisha ya mtu yamo mikononi mwake.

Njiani tukirudi aliniuliza, "Baba, uliisikia tupa? Kulikuwa na kijana nyuma ya pazia anaipiga kweli kwenye chuma."

"Sikuisikia," nikamwambia.

"Basi tuliimba sawasawa," akasema. Baada ya hatua chache akaongeza, "Lakini mwakani nitamtaka Mbwasho tena." Na tangu siku ile, kila baada ya magharibi, tunakaa pamoja kufundishana pa kuvuta pumzi. Nami nimemwandikia ubeti huu, nanyi muwasomee wenu:

Mwanangu futa machozi, nafasi haijakwisha,
Si mwimbaji kiongozi, pekee anoridhisha,
Wapigao matuazi, ndio wanochangamsha,
Na tupa ilomvusha, ilikuwa kwenye pumba.