Fahamu Jinsi Tanzanite Inavyopata Rangi na Thamani

Mawe mengi ya Tanzanite yanapotolewa ardhini huko Mirerani, wilayani Simanjiro mkoani Manyara, hayana rangi ya samawati iliyoyapa sifa duniani. Hutoka yakiwa ya kahawia, na asiyeyafahamu huweza kuyadhania kuwa hayana thamani. Kwa sababu hiyo, elimu kuhusu rangi ya jiwe hilo ni kinga ya mchimbaji dhidi ya kuuza mali yake kwa bei ya hasara.

Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1967. Mwaka uliofuata, kampuni ya Tiffany & Co. ya Marekani iliyaingiza sokoni kwa jina la Tanzanite, kutokana na nchi yalikopatikana. Mwaka 2018 Serikali ilimtambua rasmi Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake. Hadi sasa Mirerani ndiyo sehemu pekee duniani yanapochimbwa kibiashara.

Kitaalamu, Tanzanite ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti. Rangi yake hutokana na kiasi kidogo cha vanadiamu kilichomo ndani yake. Jiwe ghafi likigeuzwageuzwa kwenye mwanga huonesha rangi tatu kulingana na upande linakotazamwa: samawati, zambarau na kahawia. Likipashwa moto taratibu hadi kufikia takriban nyuzi joto 500 za Selsiasi, rangi ya kahawia hutoweka, samawati na zambarau zikabaki. Badiliko hilo ni la kudumu. Mawe machache hutoka ardhini yakiwa tayari ya samawati, kwa kuwa joto la asili lilikwishafanya kazi hiyo.

Baada ya hapo thamani hutegemea mkataji. Akilielekeza jiwe upande wa samawati, ambayo hupendwa zaidi sokoni, mara nyingi hupoteza uzito mkubwa. Akilielekeza upande wa zambarau, huokoa uzito. Aidha, Tanzanite si ngumu kama almasi: ugumu wake ni kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi hufikia 10. Hivyo huweza kupasuka kwa kugongwa au kwa badiliko la ghafla la joto.

Ili rasilimali hiyo iwanufaishe wananchi, mwaka 2018 Serikali ilikamilisha ukuta wenye urefu wa kilomita 24.5 kuzunguka eneo la migodi kwa lengo la kudhibiti utoroshaji, na mwaka 2019 ikaanzisha masoko ya madini nchini. Matunda yake yalionekana Juni 2020, pale mchimbaji mdogo alipoiuzia Serikali mawe mawili yenye uzito wa kilo 9.27 na kilo 5.1 kwa Shilingi bilioni 7.74.

Mchimbaji anayepata jiwe la kahawia anashauriwa kutoharakia kuliuza wala kulichoma mwenyewe kwa kubahatisha. Alipeleke kwanza kwa wathamini katika soko rasmi, kwani jiwe likipasuka motoni halirudi lilivyokuwa.